Urithi wa Kilwa Kisiwani haukai magofuni pekee

Nimekaa kwa shangazi yangu Kilwa Kisiwani, ambako wavuvi huanika nyavu karibu na Gereza, ngome iliyojengwa juu ya mabaki ya ile ya Wareno ya mwaka 1505. UNESCO iliyaorodhesha magofu haya mwaka 1981, na wageni wengi huupiga picha Msikiti Mkuu, wakaondoka na mashua ileile. Kwa maoni yangu, wanakosa nusu ya mambo. Wakati wa bamvua, maji yanapotoka, wanawake huingia mwambani na vijiti vyenye ncha kuwachokoa pweza. Shangazi hulitambua shimo lenye pweza kwa maganda ya kaa yaliyotapakaa mlangoni, kisha humpigapiga pweza huyo jiweni mpaka alainike, tayari kwa mchuzi wa nazi.