Herufi Moja

Siku ile nilifika ofisini saa mbili kasorobo, nikapanda ngazi hadi orofa ya pili, nikashindwa kuendelea. Mlango nilikuwa nauona. Nikaketi ngazini na mkoba wangu mapajani, moyo ukinidunda kama mtu aliyekimbizwa, wenzangu wakinipita wakidhani namsubiri mtu.

Jana yake, kikaoni, kazi yangu ya miezi mitatu ilikuwa imesifiwa. Mwenzangu mmoja akadakia, "Watu wa kwenu bwana, kwa ujanja hamjambo!" Wakacheka. Na mimi nikacheka, na kicheko changu ndicho kilichoninyima usingizi. Ulikuwa utani? Mbona wengine hawataniwi kwa asili yao? Au mimi ndiye mwepesi wa kununa? Tusi la wazi lina nafuu yake: umetukanwa, basi. Hili la kuchekewa linakufanya wewe mwenyewe uwe mshtaki, shahidi na hakimu, na kesi inasikilizwa saa tisa za usiku.

Nilimpigia dada simu palepale ngazini. Hakuniambia nijikaze, namshukuru kwa hilo, maana kujikaza nilikuwa nimekumaliza. Alisema, "Kanyaga chini kwa miguu yote miwili. Vuta pumzi polepole, halafu itoe polepole zaidi. Haya, nitajie vitu vitano unavyoviona." Nikamtajia: reli ya ngazi, kiatu changu, taa, kipande cha karatasi, buibui. Nilipofika kwenye buibui nikaangua kilio.

Wiki hiyohiyo akanipeleka kwa mshauri nasaha, mama wa makamo. Alinipa fomu ya maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita: usingizi, hamu ya kula, kukosa raha, akili kutotulia. Kila swali unajipa alama 0 hadi 3. Nilitamani kujipa sifuri tupu (woga wa mtihani hauishi, hata ukubwani), ila kwenye usingizi kalamu iligoma kudanganya. Jumla ikawa 14 kati ya 27. Akanieleza kuwa 10 hadi 14 huhesabiwa sonona ya wastani, nasi tungeanzia hapo kuzungumza. Swali la mwisho, la mawazo ya kufa, nilikuwa nimeandika 0. Hata hivyo aliniuliza tena kwa mdomo, akanitazama, akangoja nijibu.

Nilikuwa nimejiandaa kujitetea. Nilikuwa hata na majina ya waliokuwepo kikaoni. Yeye akauliza tu, "Na kabla ya hapo, mwanangu?" Yakamwagika: mwalimu aliyeligeuza jina letu kuwa kichekesho, mwenye nyumba ambaye chumba chake kilijaa ghafla aliposikia ukoo wangu, mengine niliyoapa kuwa nimeyasahau. Akaniambia kuwa mwaka 1970 daktari wa akili Mmarekani mweusi, Chester Pierce, aliyapa jina madongo madogo madogo ya namna hii, yale ambayo ukilitaja moja peke yake linaonekana si kitu. Mabega yangu yakashuka. Kumbe kesi yangu ilishasikilizwa kabla sijazaliwa!

Akanipa kazi ya nyumbani: nikisemwa, niandike tarehe, maneno yenyewe na jinsi mwili ulivyoyapokea, kisha nifunge daftari nikalale. Niliifanya kwa kusuasua. Kuna usiku ilisaidia, na kuna usiku nilibaki nimelikodolea macho daftari lenyewe.

Kabla sijatoka siku ile ya kwanza alivuta jalada langu. Nilikuwa nimejaza jina la kwanza na herufi moja, kama ninavyotia saini barua zote tangu niajiriwe.

"Herufi hii ni ya jina gani?"

Nikalitamka jina la babu. Sauti ilikwaruza, kama mlango uliokaa muda bila kufunguliwa. Akaliandika, akakosea.

"Si hivyo, mama."

Akakata, akaandika upya, akanigeuzia jalada niangalie. Bado palipungua herufi moja. Nikaomba kalamu.