Kibanio cha sindano

Gereji niliyojifunzia umeme wa magari ilikuwa Ilala, Dar es Salaam, kwenye uwanja wa mchanga nyuma ya maduka ya spea, na chombo kilichofanya kazi kuliko vyote pale kilikuwa wembe. Ukitaka kujua kama moto, yaani umeme, unafika kwenye pampu ya mafuta, unamenya waya kidogo, unagusisha taa ya kupimia, ukisharidhika unazungusha tepu nyeusi na kuendelea na mengine. Gari likishazeeka mjini linakuwa limepita kwa mafundi wengi, na kila fundi ameacha tepu yake. Unafunua kapeti unakuta waya umefungwafungwa kama mguu wa mchezaji wa ndondo.

Tepu ile haipendi joto. Gari likianikwa juani mchana wa Februari, gundi inayeyuka, tepu inateleza, pale palipomenywa panabaki wazi. Hapo unyevu unaingia, na hewa yetu ya pwani ina chumvi. Shaba inaota kutu ya kijani, nyuzi zinalika moja moja, hadi zinabaki chache zinazobeba mzigo wa zote. Gari halizimi moja kwa moja. Linazima likipenda, na hilo ndilo baya zaidi.

Mzee aliyenifundisha kazi alikuwa hapendi wembe. Yeye alitumia pini: anaitoboza kwenye ganda la waya mpaka iguse shaba, anabana taa yake kwenye pini, anasoma, anachomoa. Kidonda kinakuwa kidogo sana. Shida ya pini ni kwamba lazima mkono wa mtu uwepo. Ukiiachia inalegea, ikigusa bodi ni shoti.

Mwaka 2008 ikaletwa Corolla moja ya teksi. Dereva alikuwa kijana mpole aliyechoka kutukanwa na abiria. Gari linazima lenyewe barabarani, hasa likiruka matuta, halafu baada ya dakika kadhaa linawaka kama vile hakuna kilichotokea. Alishabadilishiwa pampu ya mafuta. Alishabadilishiwa rilei, ile swichi ya umeme inayoiwasha pampu. Alishauziwa hata plagi mpya, ambazo sijui zilihusianaje. Akija gereji, gari linawaka vizuri na kunguruma mbele yetu bila aibu.

Mzee akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema ugonjwa wa namna hiyo haupimwi gari likiwa limesimama. Inabidi taa iwe imeungwa kwenye waya wa pampu, gari liendeshwe mpaka lizime, na mtu awe anaitazama taa wakati linazima.

"Sasa nani atalala chini ya kiti cha nyuma ameshika pini?" akauliza. Halafu akanitazama mimi.

Dereva akaahidi kurudi Jumamosi. Nikaona heri nitengeneze kitu cha kushika pini kwa niaba yangu.

Nilianza na kilichokuwa karibu, kibanio cha nguo cha mbao. Nikagundisha sindano ya cherehani kwenye mdomo wa juu, ncha ikitazama chini, nikadhani kazi imekwisha. Springi ya kibanio imetengenezwa kuzuia kanga isipeperuke kwenye kamba, lakini kutoboa plastiki ya waya ni habari nyingine. Waya ni mviringo, kwa hiyo ulikuwa unabingirika tu, sindano inateleza pembeni na kuchana ganda bila kugusa shaba. Nikaweka springi kali niliyoitoa kwenye klipu kuukuu ya chaja ya betri. Sasa ikatoboa, tena kupita kiasi: kwenye nyaya nyembamba sindano ilitokea upande wa pili, na mbao zikaminya waya mpaka ukawa bapa. Na sindano ya cherehani ina chuma kigumu, haipindi. Ukiilazimisha kwa ubavu inakatika kwa mlio mdogo na ncha inabaki ndani ya waya wa watu.

Sindano zikaniishia. Jirani na gereji kulikuwa na baraza la mama mmoja mshonaji, ambaye tulikuwa tunampelekea ovaroli zetu zikichanika. Nikaenda kumwomba nyingine.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Sindano tena? Unashona nini huko kwenye oili?"

Nikamwonyesha kibanio. Akakigeuzageuza, akakifungua na kukifumba, akacheka kidogo kwa puani.

"Wewe unataka sindano itoboe na ishike yenyewe? Hapa kwangu anayeshika ni mwingine."

Akaninong'oneza nisogee, maana kulikuwa na mteja anasubiri sare za shule, akanyanyua kile kiwiko kidogo nyuma ya kichwa cha cherehani. Kimguu cha chuma kinachokandamiza kitambaa kikapanda. Akaingiza kitambaa, akakishusha. Nilikuwa nimekiona kimguu kile maisha yangu yote, bibi yangu alikuwa na cherehani, na sikuwahi kukitazama. Kina vidole viwili, na sindano inapita katikati yake. Vidole vinakilaza kitambaa huku na huku, sindano inashuka peke yake na kupanda peke yake, na kitambaa hakinyanyuki nayo. Juu ya kichwa kuna skrubu. Mama akaizungusha kidogo: ukiilegeza, springi ya kimguu inapungua nguvu kwa vitambaa vyepesi, ukiikaza, inakandamiza jinzi. Sindano haijui habari hizo. Springi ina kazi yake, sindano ina kazi yake.

Nikasimama pale akimaliza kushona pindo la sketi, mpaka akaniuliza kama nimekuja kujifunza ushonaji.

Usiku ule nikakitengeneza upya. Nilichagua kibanio kikubwa zaidi cha mbao na kukiachia springi yake ileile, kwa sababu sasa kazi yake ilikuwa kushika tu. Kwenye mdomo wa chini nikachimba mfereji wa umbo la V kwa tupa ya pembe tatu. Waya mnene au mwembamba, ukiulaza kwenye V unatulia katikati wenyewe, na ukishajua katikati iko wapi, unajua sindano ishukie wapi. Naamini hadi leo kwamba mfereji ule ni nusu ya kifaa kizima, na watu wakikiona huwa wanaisifia sindano.

Mdomo wa juu nikaupasua katikati kwa msumeno wa chuma, ukawa na vidole viwili kama kile kimguu. Katikati ya vidole nikasimamisha kijibomba cha shaba nyeupe nilichokitoa kwenye konekta ya plastiki, zile za kuungia nyaya za taa za nyumbani. Kijibomba kile kina skrubu mbili ndogo, nami nilizihitaji zote mbili: moja ya kukaza sindano ikishafika mahali pake, nyingine ya kubana waya unaokwenda kwenye taa. Nikakifunga kwa uzi na gundi ya Araldite, skrubu zikitazama mbele ili bisibisi izifikie.

Matumizi yake yakawa hivi. Unabana waya, springi inaushika. Unasukuma sindano kwa kidole gumba, taratibu, unasikia inavyopita kwenye plastiki na kisha kugusa kitu chenye kukwaruza. Hapo unaacha, unakaza skrubu. Sindano nilikuwa nimeipigia lehemu tone moja kama kizuizi, isiweze kushuka zaidi ya kina cha mfereji.

Asubuhi Mzee akakitazama muda mrefu. Hakusifu. Aliuliza fyuzi iko wapi. Nikamwambia hakuna. Akasema kitu kinachokaa ndani ya gari linalotembea, juu ya tangi la petroli, kisiwe na fyuzi? Tukaweka ya ampea 3, karibu kabisa na kibanio. Akanikataza pia kutumia mita ya digitali, ambayo mimi niliona ndiyo ya kisasa. Hoja yake ilikuwa nzuri na nimeirudia kwa vijana wengi tangu wakati ule. Mita za digitali nyingi zina ukinzani wa ndani wa takriban megaomu 10, hazivuti umeme wa maana. Waya ukiwa umebaki na uzi mmoja uliooza, mita bado itaandika volti 12, na wewe utaapa kwamba waya ni mzima. Globu ya wati 5 inavuta karibu ampea 0.4. Ukiiwekea waya mbovu, inafifia mbele ya macho yako.

Kuna kijana mwenzetu aliyekipenda kibanio papo hapo, akataka kukiazima akapime nyaya za nyumba yao. Mzee alimfokea mpaka watu wa spea wakatoka kuchungulia. Kijibomba kile kiko wazi, na umeme wa nyumbani ni volti 230. Kidole gumba juu ya sindano yenye volti 12 ni kazi. Juu ya sindano yenye 230 ni msiba.

Jumamosi dereva akaja. Tukanyanyua kiti cha nyuma, tukabana kibanio kwenye waya wa pampu, waya wa taa tukaupitisha kando ya mlango hadi mbele, globu tukaibandika kwenye dashibodi. Mzee akanipa agizo moja kabla hatujaondoka.

"Usije ukaniambia taa ilizima. Niambie kipi kilizima kwanza."

Kwenye gari lile la EFI, yaani lenye kompyuta inayopulizia petroli kwenye injini, injini ikiacha kuzunguka, umeme wa pampu unakatwa makusudi, petroli isiendelee kusukumwa baada ya ajali. Kwa hiyo gari likizima, taa nayo itazima tu, ugonjwa uwe popote. Kinachosema ukweli ni ile nukta kabla ya hapo.

Tukashika barabara ya Uhuru mpaka Buguruni, tukaingia barabara ya Mandela. Dereva alikuwa anatafuta matuta badala ya kuyakwepa, na kila tuta alilitukana kwa sauti ya chini. Globu inawaka tu. Nilianza kuona haya kwa niaba ya kibanio. Tulipofika Tabata Relini gari likaruka pale kwenye reli, na globu ikapepesa, ikafifia ikawa nyekundu, ikazima. Injini ilikuwa bado inanguruma. Ikakohoa, ikavuta pumzi mara mbili hivi, ndipo ikafa, na nyuma yetu malori yakaanza honi.

Dereva akapiga usukani kwa furaha. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza anafurahi gari lake kuzima.

Pampu haikuwa na kosa, wala ile ya zamani aliyoitupa. Moto ulikuwa unakatikia njiani. Tukalisukuma pembeni, likawaka lenyewe kama kawaida yake, tukarudi gereji. Kilichobaki kilikuwa kugawa njia: kibanio kikahamia mbele, karibu na rilei, tukatikisa gari, injini ikakohoa na globu haikupepesa. Basi hapo ni pazima. Tukakiweka katikati ya njia, chini ya kizingiti cha mlango wa mbele. Ikapepesa. Ubovu ulikuwa umebanwa kati ya rilei na kizingiti, kipande ambacho ungeweza kukipima kwa mkono.

Mzee akafunua kapeti mwenyewe. Lilikuwa na maji chini yake, maana mpira wa mlango ulishachakaa na masika yalikuwa yanaingia. Kwenye maji kulikuwa na tepu nyeusi imeteleza na kujikunja kando, na pale ilipokuwa palikuwa na waya uliomenywa kwa wembe, mkato safi wa duara. Fundi fulani, siku fulani, alipima kama moto unafika, akaridhika. Nyuzi zilikuwa zimegeuka unga wa kijani. Mzee alipougusa kwa ncha ya bisibisi, zikabaki mbili.

Tukakata sehemu yote iliyooza, tukaunga kipande kipya kwa lehemu na kukivisha mpira wa kusinyaa kwa joto. Matundu ya sindano Mzee hakutaka yaachwe hivi hivi. Akanituma dukani nikanunue rangi ya kucha. Muuzaji akaniuliza namchukulia nani, nikasema Corolla, akanipa nyekundu. Tone moja kwenye kila tundu, likikauka linaziba.

Dereva akajaribu gari kwenye matuta yote ya mtaa ule, akarudi akicheka. Aliomba ile globu ibaki dashibodini, awe anaiona ikiwaka apate amani. Mzee akakataa, akamwambia waya usio na kazi ni waya wa kuunguza gari. Wakabishana bei kidogo, wakaelewana. Mzee akakichomoa kibanio yeye mwenyewe, akafuta sindano kwa kitambaa, akakitia mfukoni mwa shati lake. Sikukiona tena hadi Jumatatu. Siku hiyo alinipa kibanio kingine cha mbao na konekta mpya, akasema na mimi nijitengenezee changu.