Kufunga breki za diski nyuma ya Corolla: kazi niliyoifanya nyumbani Mtwara

Anayetaka kuondoa breki za dramu (ngoma ya chuma ambayo viatu vya breki huikandamiza kutoka ndani) nyuma ya gari lake na kufunga za diski (sahani ya chuma inayobanwa na pedi pande mbili) kwa matumaini kwamba gari litasimama katika umbali mfupi zaidi, ni vyema aelewe mapema kwamba hilo huenda lisitokee. Ukikanyaga breki, uzito wa gari huegemea mbele, na sehemu kubwa ya kazi ya kulisimamisha hufanywa na magurudumu ya mbele. Zaidi ya hapo, kinachoamua umbali wa mwisho ni jinsi tairi linavyoishika barabara, na dramu iliyo nzima na iliyorekebishwa vizuri ina nguvu za kutosha kulikwamisha tairi la nyuma. Sababu zilizonifanya nibadili breki za Toyota Corolla yangu ya kizazi cha AE110 ni nyingine kabisa, nazo ni joto, maji na mchanga.

Wanaosafiri kati ya Newala na Masasi wanaufahamu ule mteremko wa kushuka kutoka uwanda wa juu wa Makonde. Gari likiwa limejaa watu na mizigo, na dereva akitegemea breki kuliko gia, dramu hupata joto haraka na kulitoa taratibu, kwa sababu kila kitu kimefungiwa ndani. Dramu ikipata joto hutanuka na kujitenga na viatu vyake, kwa hiyo mguu hulazimika kwenda chini zaidi, huku laini za viatu (tabaka linalosugua dramu) nazo zikipoteza uwezo wa kushika. Diski iko wazi kwenye upepo, na ikipata moto hunenepa kuelekea kwenye pedi badala ya kuzikimbia. Ndiyo maana Jaguar walipoyapeleka magari yenye diski kwenye mbio za saa 24 za Le Mans mwaka 1953, madereva wao waliweza kuchelewa kukanyaga breki saa baada ya saa bila mguu kuzama, na wakashinda.

Kuhusu maji na mchanga sihitaji kueleza sana kwa mtu wa Kusini. Msimu wa mvua ukiingia, dimbwi moja refu linatosha kuijaza dramu maji, na kwa muda baada ya hapo breki ya nyuma haipo. Maji yakishakauka, mchanga hubaki ndani na kuendelea kusaga viatu na dramu vyote viwili. Diski huyatupa maji kwa mzunguko wake, na pedi hufuta kinachobaki.

Hata hivyo dramu si kitu cha kudharauliwa. Viatu vyake hudumu, hendibreki yake hushika vizuri, na kufungwa kwake kunakinga sehemu nyingi dhidi ya hewa ya chumvi ya pwani hii, ambayo ni adui mkubwa wa kalipa, yaani kibano kinachozikandamiza pedi kwenye diski. Kwa mtu ambaye gari lake halitoki mjini, au ambaye hulisogeza ufukweni Mikindani kupakia samaki hadi maji ya bahari yakapiga ringi, ningemshauri abaki na dramu zake, azifungue na kuzisafisha mara kwa mara, na fedha yake aiweke kwenye tairi nzuri.

Kwa atakayeamua kubadili, uamuzi mkubwa kuliko yote ni wa vifaa. Nilikataa tangu mwanzo wazo la kuchonga bamba la chuma na kulichomelea ili libebe kalipa ya gari jingine, kwa sababu bamba hilo hubeba nguvu yote ya kulizuia gurudumu, na weldingi ya uani si mahali pa kuamini uhai wa watu. Corolla za kizazi hiki zina bahati ya kuwa na ndugu waliotoka kiwandani na diski nyuma, yaani Toyota Levin na Trueno zenye injini ya 4A-GE, na tundu za nati za tairi ni zilezile 4 kwenye duara la milimita 100. Niliagiza seti ya mtumba kutoka Dar es Salaam, na nilisisitiza nitumiwe kila kitu: mikono inayobeba habu (kitovu ambacho gurudumu hufungwa juu yake), habu zenyewe, kinga za vumbi, diski, kalipa na mabano yake, mipira ya breki, kebo za hendibreki na vali ya kugawa presha ya mafuta ya breki kati ya mbele na nyuma. Muuzaji akikwambia kalipa na diski zinatosha, ujue anakuuzia nusu ya kazi.

Vifaa vya mtumba vinapofika, hukaguliwa kabla ya kuligusa gari. Pembeni ya diski, au ndani ya kofia yake (sehemu ya katikati iliyoinuka), huwa kumechongwa unene wa chini unaoruhusiwa, na diski iliyoshuka chini ya hapo ni chuma chakavu hata kama inang'aa. Pistoni za kalipa, zinazosukuma pedi, nilizitoa, nikazipangusa na kuzitazama juani; yenye vidonda vya kutu kwenye uso wake haifai kurudishwa, maana vidonda hivyo vitakula mpira wa kuzuia mafuta ya breki yasivuje. Mipira hiyo nilinunua mipya, pamoja na pedi, washa za shaba na mipira inayoleta mafuta kwenye kalipa. Pini ambazo kalipa hutelezea nilizipaka grisi ya silikoni inayovumilia joto, na hapa pwani kazi hiyo inapaswa kurudiwa kila unapobadili pedi, la sivyo chumvi itazigandisha na pedi ya upande mmoja itaisha peke yake. Jambo lingine la kujaribu mapema ni ringi: diski na kalipa huhitaji nafasi, na ringi ndogo ya chuma inaweza kugusa kalipa.

Kufungua ni kazi ya uvumilivu zaidi kuliko ujuzi. Gari huwekwa mahali pagumu na tambarare, magurudumu ya mbele yakawekewa vizuizi, na mwili wake ukakalishwa juu ya stendi za chuma. Jeki ni ya kuinulia tu, kamwe si ya kulalia chini yake. Vumbi lililomo ndani ya dramu kuukuu lisipulizwe kwa mdomo wala kwa kompresa, kwani laini za zamani huweza kuwa na asbesto. Liloweshwe na kufutwa kwa kitambaa cha kutupa. Dramu ikishatoka, utaona kwamba habu imeshikwa na bolti 4 kutoka upande wa nje, zilizojificha nyuma ya uso wa habu. Uso huo una tundu ambalo kazi yake ni moja tu: unalizungusha mpaka likae mbele ya bolti, unapitisha soketi, unalegeza, kisha unazungusha tena kuitafuta inayofuata. Kwa kuwa mkono unaobeba habu unabadilishwa wote, bolti za shokomzoba na za mikono ya chini hufunguliwa pia, na hiyo ina maana kwamba gari likishakamilika lazima lipelekwe kupimwa uelekeo wa magurudumu. Nati ya bomba la breki ifunguliwe kwa spana yake maalumu inayoikumbatia pande karibu zote, kwa sababu spana ya kawaida huiviringa ikiwa imeshika kutu, na kazi ya jioni moja hugeuka kazi ya kutafuta bomba jipya.

Hendibreki ndiyo sehemu inayosahauliwa na wengi. Breki za diski za nyuma huwa nayo kwa namna mbili: ama kebo husukuma pistoni ya kalipa kwa mtambo uliomo ndani ya kalipa yenyewe, ama kofia ya diski hufanywa dramu ndogo yenye viatu vyake vidogo visivyotumika kwa kazi nyingine. Seti yangu ni ya namna ya pili, na ninaipendelea kwa sababu kalipa hubaki rahisi na viatu vile havichakai haraka. Viatu hivyo hurekebishwa kwa gurudumu la meno lililomo ndani mpaka viguse kidogo, kisha vinalegezwa hadi diski izunguke huru, na baada ya hapo ndipo kebo inapokazwa. Ukianza na kebo, utakuwa na hendibreki inayopanda juu bila kushika. Gari lisilo na hendibreki halifai kuwa barabarani, na hoja kwamba utaegesha ukiwa umeweka gia haimsaidii mtoto anayepita nyuma ya gari kwenye mteremko.

Sasa niseme kuhusu vali ya kugawa presha, kwa kuwa hapa ndipo nilipoona mafundi wazuri wakitofautiana. Kiatu cha dramu, kinapogusa dramu inayozunguka, huvutwa na mzunguko huo na kujikandamiza chenyewe zaidi. Diski haina msaada huo, hivyo huhitaji presha kubwa zaidi ya mafuta ili itoe nguvu ileile. Kiwanda kiliweka vali inayopunguza presha ya nyuma kwa kipimo cha dramu. Ukifunga diski na kuiacha vali hiyo, nyuma itafanya kazi pungufu. Hilo lilipojitokeza kwenye mazungumzo, fundi mmoja aliniambia kwa nia njema kabisa, "Kaka, hiyo vali itoe tu, mafuta yapite yote." Nilimshukuru na sikufuata. Bila vali, ukikanyaga kwa nguvu, magurudumu ya nyuma yatakwama kabla ya ya mbele, na gari ambalo nyuma yake imekwama halinyooki tena, bali huzunguka. Afadhali nyuma iwe na nguvu kidogo kuliko iwe na nguvu kupita mbele.

Zile vali za kurekebisha kwa mkono zinazouzwa madukani nazo hazitatui tatizo kwenye gari la aina hii. Mfumo wake wa mafuta umegawanywa kwa mshazari: njia moja huhudumia gurudumu la mbele kulia na la nyuma kushoto, nyingine kinyume chake, ili njia moja ikivuja nyingine ibaki. Vali moja ya dukani ina njia moja tu, na kuziunganisha njia zote mbili humo ni kuuharibu ulinzi huo. Ndiyo sababu niliagiza vali ya gari lililotoka na diski, ambayo tayari ina njia mbili zilizopimwa pamoja. Mwenye Hilux azingatie pia kwamba ile fito inayounganisha vali na ekseli ya nyuma hupima mzigo: gari likipakiwa magunia ya korosho presha ya nyuma huongezeka, likiwa tupu hupungua. Isifungwe kwa waya wala kuondolewa. Na kwenye magari ya zamani zaidi, upande wa dramu wa masta silinda (pampu ya mafuta ya breki inayosukumwa na pedali) huweza kuwa na vali ndogo inayobakiza presha kwenye bomba. Isipotolewa, pedi zitaburuza diski muda wote.

Kabla ya kutoa upepo ulioingia kwenye mabomba ya mafuta ya breki nilihakikisha jambo moja ambalo limewasumbua wengi: skrubu ya kutolea upepo iko juu ya kalipa. Kalipa ya kulia ikifungwa kushoto, skrubu hiyo huangalia chini, na upepo, ambao hupanda juu, hautatoka hata mkeshe hapo. Mafuta yawe mapya, kutoka chupa iliyofunguliwa siku hiyo. Ya daraja la DOT 3 huanza kuchemka kuanzia nyuzi 205 yakiwa mapya, lakini yakishanyonya maji kiwango hicho huweza kushuka hadi 140; ya DOT 4 ni 230 na 155. Katika hewa yenye unyevu kama ya Mtwara, kuyabadilisha kila miaka 2 si anasa. Yakidondoka kwenye rangi ya gari, mwagia maji mara moja.

Tulianza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, yaani la nyuma kushoto kwa magari yetu yenye usukani kulia. Mpwa wangu alikaa ndani na mimi nilikuwa chini na mpira mwembamba uliozamishwa kwenye chupa ya mafuta. "Kanyaga." "Nimekanyaga, mjomba." "Shikilia hapohapo." Nafungua, vipovu vinatoka, nafunga, ndipo namwambia aachie. Kanuni yote imo katika mpangilio huo: mguu usiachiwe kabla skrubu haijafungwa, na chupa ya masta silinda isiachwe ikauke.

Majaribio ya kwanza hufanyika injini ikiwa imezimwa. Kanyaga mara kadhaa hadi pedali iwe ngumu, kisha shikilia. Ikizama polepole kuna mahali panapovuja. Washa injini ukiwa umekanyaga, na pedali ishuke kidogo, dalili kwamba busta, kifaa kinachouongezea mguu nguvu, inafanya kazi. Halafu tafuta eneo la wazi lisilo na watu, lenye lami iliyolowa, uende mwendo wa kilomita 30 kwa saa na ukanyage kwa nguvu huku mtu mwingine akitazama kutoka pembeni kwa umbali salama. Magurudumu ya mbele ndiyo yanayopaswa kukwama kwanza. Ya nyuma yakitangulia, gari lirudi nyumbani taratibu na lisitoke tena hadi sababu ijulikane.

Pedi mpya huhitaji kuzoeana na diski: ongeza mwendo hadi kama kilomita 50, punguza kwa nguvu ya wastani hadi karibu kusimama bila kusimama kabisa, rudia mara kadhaa, kisha endesha bila kugusa breki ili zipoe. Ukifika nyumbani, sogeza kiganja karibu na kila ringi ya nyuma bila kuigusa. Joto la kulia na la kushoto linapaswa kulingana. Upande mmoja ukiwa wa moto zaidi, anza kwa kulegeza kebo ya hendibreki ya upande huo. Joto likibaki lilelile, fungua kalipa uangalie pini zake, na baada ya hapo pistoni.