Wafalme Wanne Mezani Kampala

Mtu wa Pwani anayehamia Kampala hahitaji kujifunza upya sura za karata, kwa kuwa pakiti inayouzwa katika maduka ya Kikuubo ni ileile inayouzwa Tanga na Mombasa. Anachopaswa kujifunza ni mchezo. Hapa watu hucheza mchezo uitwao matatu. Kila mchezaji hugawiwa karata saba na hutupa karata inayolingana kwa alama au kwa namba na ile iliyo juu. Mbili humlazimisha anayefuata kuokota karata mbili, ree, yaani karata ya moja, humpa aliyeitupa haki ya kuchagua alama, na saba ya alama iliyoteuliwa mwanzoni inaweza kuukata mchezo ghafla, karata za mikononi zikahesabiwa na mwenye pointi chache akashinda. Sisi tuliokulia michezo ya turufu huona mwanzoni kwamba huu ni mchezo wa watoto, kisha tunafungwa mfululizo.

Katika uwanja wa malori ninakofanyia kazi, upande wa Nakawa, Kiswahili ndicho lugha ya meza ya karata, kwa kuwa wanaokusanyika jioni ni madereva wa Mombasa, mawakala wa forodha wenzangu, vijana waliotoka Bukavu, na mzee mmoja Mnubi wa Bombo ambaye husimulia zaidi kuliko anavyocheza. Simulizi yake kuu ni kwamba karata ni kalenda: karata 52 ni majuma ya mwaka, picha 12 ni miezi, alama nne ni misimu, na ukijumlisha pointi zote kuanzia moja hadi 13 unapata 364, ambayo jokari moja huikamilisha kuwa 365. Hesabu hiyo haina kasoro, ingawa misimu minne ni vigumu kuiona Kampala, ambako mwaka hugawanywa na vipindi viwili vya mvua. Tatizo ni historia. Karata za Kihispania zilikuwa 48 au 40, za Kijerumani mara nyingi 36 au 32, na jokari haikuwapo kabisa hadi Wamarekani walipoiongeza katika miaka ya 1860 kwa ajili ya mchezo wao wa euchre. Hakuna mnajimu aliyeketi kuipanga kalenda hiyo.

Asili inayoaminika zaidi ni Uchina, lakini pakiti ya kale inayofanana kweli na yetu ni ya Wamamluki, watawala wa zamani wa Misri, iliyogunduliwa mwaka 1931 katika jumba la Topkapı mjini Istanbul. Ina alama nne, yaani vikombe, sarafu, panga na fimbo za polo, na wakubwa wake ni mfalme, naibu wake na naibu wa pili, wote wakitambulishwa kwa maandishi bila picha ya mtu. Karata zilipoingia Ulaya ziliwashtua watawala haraka sana, kwani mwaka 1377 Florence ilikuwa tayari imezipiga marufuku. Wareno walipozifikisha kwetu Pwani, walituachia kopa, uru, shupaza na pau, ambayo kwao ni vikombe, dhahabu, panga na magongo, yaani alama zilezile za Misri. Baadaye tuliletewa karata za Kiingereza zenye alama za Kifaransa, tukaziita kwa majina yale ya zamani. Ndiyo maana dereva wa Mombasa huuita moyo mwekundu kopa, na vijana wa Kampala humshangaa.

Kijana mmoja alimwuliza mzee, "Mzee, mbona mfalme wa kopa amejichoma upanga kichwani?" Akajibiwa, "Mwanangu, amefilisika." Jibu hilo linanipendeza kuliko ukweli, ambao ni kwamba zamani mfalme huyo alishika shoka, na wachongaji wa Kiingereza walioiga karata za mji wa Rouen, Ufaransa, kizazi baada ya kizazi, waliupoteza ubapa wake. Vilevile Daudi, Aleksanda, Kaisari na Karoli Mkuu, wanaotajwa kuwa wafalme wanne, ni majina yaliyochapishwa kwenye karata za Kifaransa. Wafalme wa karata zetu hawana jina lolote.

Hata urembo wa ree ya shupaza, ambao wengine huuhusisha na majini, chanzo chake ni kodi. Uingereza ilitoza karata ushuru mkubwa zaidi kuanzia mwaka 1711, na ree hiyo ikawa ndiyo ithibati ya malipo, ikichapishwa na ofisi ya serikali yenyewe. Kuighushi kulikuwa na adhabu ya kifo: Richard Harding alinyongwa kwa kosa hilo mwaka 1805. Ushuru wenyewe haukufutwa hadi mwaka 1960. Wakala wa forodha hawezi kuipita habari kama hiyo.

Poka ni mgeni wa juzi. Ilikua katika mji wa New Orleans na kwenye meli za mto Mississippi mwanzoni mwa karne ya 19, ikichezwa kwa karata 20 tu kabla ya kuchukua pakiti nzima, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani viliisambaza kambini. Nayo ina ngano zake. Wild Bill Hickok, mpiga bastola mashuhuri wa Marekani, aliuawa kwa risasi akiicheza katika mji wa Deadwood tarehe 2 Agosti 1876, lakini habari kwamba alikuwa ameshika ree na nane ilienezwa na kitabu cha mwaka 1926, nusu karne baadaye.

Kampala poka hupatikana hasa kwenye kasino, na sheria ya Uganda ya mwaka 2016 humkataza aliye chini ya miaka 25 kucheza kamari. Kijana wetu mmoja wa Bukavu, mwenye miaka 22, huicheza kwenye simu kwa chipu zisizo na thamani, na sasa anawafundisha madereva kwa kutumia vizibo vya soda. Mzee amekataa kugawiwa, ila ameshaanza kuwaeleza kwamba mchezo huo ulibuniwa na askari wa Kinubi.