Steki kwenye kikaango kisichogandisha: anza kikiwa baridi

Swali la wengi ni hili: mbona steki ya kikaango kisichogandisha hutoka ya kijivu kama nyama ya kuchemsha? Kikaango ndicho kinacholaumiwa. Mara nyingi mkosaji ni maji.

Nyama haipati rangi ya kahawia vizuri mpaka uso wake upite nyuzi 140 hivi za Selsiasi. Uso huo ukiwa na majimaji, unakwama karibu na 100, joto lote likiishia kuyageuza mvuke. Kwa hiyo kazi kubwa hufanyika kabla ya kuwasha jiko. Chukua kipande cha unene wa sentimita 2.5, kitie chumvi pande zote, kiache kwenye friji juu ya wavu wa waya bila kufunikwa, saa moja au hata usiku kucha. Huna muda? Basi tia chumvi wakati uleule wa kupika. Pabaya ni katikati, dakika 10 au 20: chumvi imeshavuta maji nje, nayo hayajapata muda wa kurudi ndani. Vyovyote iwavyo, kandamiza nyama kwa karatasi ya jikoni mpaka karatasi itoke kavu.

Maelekezo mengi huanza na "pasha kikaango mpaka kitoe moshi". Hayo ni ya kikaango cha chuma. Utando wa PTFE unaozuia chakula kugandia, ambao wengi huuita tu Teflon, huanza kuharibika ukipita nyuzi 260, na kikaango kitupu juu ya moto mkali hufika huko kwa dakika chache. Joto likizidi zaidi, mvuke wa utando huo unaweza kuua ndege wa kufugwa ndani ya nyumba, na mtu akapata homa kama ya mafua. Si jambo la kuchezea kwa ajili ya rangi ya nyama.

Basi weka nyama kwenye kikaango kikiwa baridi, ndipo uwashe moto mkali kiasi. Ikiwa na mafuta yake, usiongeze kitu. Ikiwa ni sarara, ipake nyama yenyewe kijiko cha chai cha mafuta ya kupikia. Dakika 2, geuza, dakika 2 tena. Upande wa kwanza utakuwa umepauka, usishtuke. Punguza moto uwe wa wastani, kisha geuza kila baada ya dakika 2. Rangi hujijenga tabaka kwa tabaka, na kwa kuwa hakuna upande unaokaa motoni muda mrefu, ndani huiva sawasawa. Kwenye chuma kitupu mwanzo huu ungeigandisha nyama. Hapa kikaango chetu kinashinda, ingawa wapishi wenye maringo hawapendi kukiri.

Tega sikio. Mlio mkavu wa kukaanga ni sawa. Ukigeuka mlio wa kutokota, maji yamekusanyika: umejaza mno. Vipande viwili vinatosha kwenye kikaango cha sentimita 28. Ukiona steki inajikunja kama bakuli, ukingo wa shahamu umesinyaa na kuivuta. Uchanje kila sentimita 3 kabla ya kupika.

Chomeka kipimajoto ubavuni hadi katikati. Toa ikifika nyuzi 52 ukitaka iwe nyekundu-waridi, 60 kwa kuiva wastani, 70 kwa kuiva kabisa. Kwa unene huu ni dakika 8 hadi 12, ila amini kipimo kuliko saa. Siagi na kitunguu saumu vije mwisho, moto ukiwa mdogo, maana siagi huungua upesi. Ipumzishe nyama dakika 5. Joto la ndani litapanda nyuzi 2 au 3 nyingine.

Geuza kwa koleo lenye ncha za silikoni au mwiko wa mbao, wala usikatie nyama kikaangoni. Na usikitumbukize kikaango cha moto kwenye maji baridi: kitako hupinda, mafuta yakakimbilia pembeni, na steki ijayo itapata rangi kingoni huku katikati ikibaki imepauka.