Kioo cheusi barazani kwa ami

Agosti 2017 nilirudi Pemba na kikopo kidogo mfukoni. Ndani yake mlikuwa na kioo cheusi cha duara, ukubwa wa sarafu, nilichokifunga kitambaa laini kama pete ya mtu. Nilikuwa mwaka wa tatu wa masomo ya udaktari Ulaya. Kila nikipiga simu nyumbani huulizwa nasomea nini, nami hujibu "mambo ya mwanga", kisha mazungumzo yanahamia kwenye mvua na karafuu.

Ami yangu amefanya kazi miaka mingi kiwanda cha makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, Wawi, hapo karibu na Chake Chake, ambapo makonyo hupikwa kwa mvuke hata yakatoa mafuta. Ulikuwa msimu, majamvi yametanda uani na harufu imeingia mpaka kwenye foronya. Usiku ule umeme ulikatika baada ya isha. Tulikaa barazani, jiko la mkaa katikati, dele la kahawa juu yake.

"Haya, mwanangu, leo n'ambie. Huo mwanga wako ni taa gani?"

Nikatoa kamera ya joto, ile ndogo inayochomekwa kwenye simu, nikamwomba aende nyuma ya dirisha la kioo anyanyue mkono. Kwenye simu hapakuwa na mkono. Kulikuwa na ukungu wa uso wangu mwenyewe, umeakisiwa. Akarudi barazani. Nikaweka kile kioo cheusi mbele ya lenzi, na vidole vitano vya ami vikawaka njano. Akavikunja, akavikunjua. Akachukua tochi akaimulika juu ya kioo kwa karibu kabisa. Haikupita hata chembe.

"Kinazuia tochi, kinapitisha mkono?"

Nikamweleza. Joto la mkono nalo ni mwanga, ila wa mawimbi marefu usioonekana kwa macho. Kioo cha dirisha kina silika, yaani madini ya mchanga, na silika ina oksijeni. Hata uzi safi kabisa wa silika, ule unaobeba intaneti chini ya bahari, humeza mwanga ambao urefu wa wimbi lake umepita mikromita 2.4 hivi; mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita. Kioo changu hakina oksijeni. Ni aseniki na selenamu, atomu nzito zilizoshikana kwa ulegevu, hutikisika polepole, kwa hiyo mwanga wa mawimbi marefu hupita mpaka zaidi ya mikromita 10. Kwa ajili ya hiyo aseniki, ambayo ni sumu, niliwakataza watoto wasikiguse, na mwenyewe nilinawa mikono kabla ya kushika kikombe.

Lakini kazi yangu haikuwa kupitisha joto la mkono. Kioo cha aina hii hupashwa moto kikavutwa kuwa uzi, na ndani ya uzi huo unapigwa mpigo wa leza wa femtosekunde 100. Sekunde moja igawe mafungu trilioni 10. Fungu moja ndio urefu wa mpigo huo. Nguvu ikisongwa ndani ya kiini chembamba kuliko unywele, mwanga hukibadilisha kioo, na kioo nacho kikaubadilisha mwanga. Katika kioo cha selenamu athari hiyo ni kubwa mara mia kadhaa kuliko katika silika. Inaingia rangi moja, zinatoka nyingi zisizohesabika. Mwaka 2014 watafiti wa Denmark waliingiza mwanga wa mikromita 6.3 katika uzi wa milimita 85, ukatoka umetanuka kuanzia 1.4 mpaka 13.3. Milimita 85 nilimwonesha kwenye kiganja chake: upana wake tu.

Sikumficha kwamba wiki mbili kabla ya safari niliunguza ncha ya uzi wangu wa mwisho. Nilipandisha nguvu kwa haraka. Kioo hiki hakistahamili kama silika, na miezi minne ya kazi ikaishia kwenye kidoa kisichoonekana ila kwa hadubini. Iliniuma sana, na hata kulisimulia usiku ule sauti ilinikwama.

Ami alikuwa akilitazama jiko. "Na mkaa huu si unatoa joto la kila namna?"

Swali hilo sikuwahi kuulizwa kwa uzuri namna ile, hata maabara. Kweli, mkaa unatoa mawimbi yote hayo, lakini huyatawanya uani kote. Ya kwangu hutoka yote pamoja katika tundu moja, unaweza kuyaelekeza kwenye tone.

"Tone la nini?"

"La mafuta yako, ami." Yujenoli, ndiyo mafuta ya karafuu kwa sehemu kubwa, humeza mwanga vizuri karibu na mikromita 6.6. Mafuta ya kula humeza karibu na 5.7. Mtu akiyachanganya mafuta hayo mawili, mwanga wenye rangi moja utaona kimoja tu, lakini mpana unaviona vyote kwa mpigo mmoja.

Akanyamaza. Kisha akaingia ndani, akatoka na kichupa cha dawa kilichojaa mafuta, akanitia tone moja nyuma ya kiganja.

"Kwanza nusa. Unuse tena kikishakauka."

Hayakuwa yamechanganywa, aliniambia, na nisimwachie mtu mwengine kuyafungua.

Novemba nilipata uzi mpya. Safari hii nilipandisha nguvu kidogo kidogo, asubuhi nzima. Tone la ami nikalibana kati ya vipande viwili vya kalsiamu floraidi, fuwele inayopitisha mwanga huo, maabara yote ikanuka uani kwetu, na kwenye mchoro wa mwanga uliopita likatokea shimo refu pale pale. Nikampelekea picha. Alinijibu kwa sauti, upepo unavuma nyuma yake:

"Shimo hilo la 6.6 ndo makonyo yetu?"

Nikamwambia ndilo.