Tulivyofuata njia ya mgonjwa

Nilipoteuliwa kuwa katibu wa timu ya uboreshaji huduma katika kituo cha afya ninachofanyia kazi, wilayani Chamwino, nilikabidhiwa faili nene la mihtasari, ingawa kituoni kwenyewe hakukuwa na mabadiliko ya kuonekana. Kila kikao tulisoma malalamiko ya sanduku la maoni, tukamtafuta mkosaji, tukaandika "akumbushwe", tukafunga. Jambo hilo liliniumiza, kwa kuwa waliokumbushwa walikuwa walewale wa mapokezi, ambao hawakuwahi kuketi nasi.

Mafunzo ya 5S, mbinu ya Kijapani ya kupanga na kutunza mahali pa kazi, ambayo hospitali zetu zilianza kuitumia mwaka 2007 kupitia Hospitali ya Rufaa Mbeya, tulikuwa tumeyapata sote: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Tuliloliruka ni Kaizen, hatua inayofuata, ambayo humtaka mtu apime kwanza ndipo ataje chanzo. Nikamwomba mganga mfawidhi wiki moja ya kupima: kila mgonjwa apewe kikaratasi, na kila anapohudumiwa paandikwe saa.

Kikaratasi ninachokikumbuka zaidi ni cha bibi mmoja aliyetoka kijijini kwa bodaboda alfajiri. Mapokezi saa 1:40, daktari saa 2:15, maabara saa 2:30. Kisha hapakuandikwa kitu hadi saa 6:05 mchana, aliporudi kwa daktari. Rejista ya maabara ilionyesha majibu yake yalikuwa tayari tangu saa 3:20. "Mwanangu, mimi nilijua bado wanapima," aliniambia. Nasi, kwa muda wote huo, tuliamini kwamba foleni inatokana na uchache wa madaktari.

Kikao kilichofuata tulimwita mhudumu wa mapokezi, tukaanza kuulizana "kwa nini" hatua kwa hatua. Akaeleza, kwa upole kabisa, kwamba zamani majibu aliyapeleka yeye mwenyewe, ila aliacha baada ya kuonywa kwamba anaondoka dirishani. Nilifungua faili: onyo hilo lilikuwa azimio la timu yetu.

Tulilifuta siku hiyohiyo. Sasa mhudumu wa afya hupita maabara kila nusu saa kuchukua majibu, mtu wa mapokezi ni mjumbe kamili, vikaratasi hurudiwa wiki ya kwanza ya kila mwezi, na kila azimio huandikwa pamoja na jina la mtekelezaji na tarehe ya kulikagua.